Karani na Makoti Manane ya Zambarau

Ukimuuliza fundi viatu wa mlango wa pili, atakwambia kwamba siku ile mashine ya duka la ushonaji ilipandwa na wazimu. Anasema alikuwa amekaa zake kwenye kigoda, kiatu cha mtu mapajani, mara akaona ulimi mweupe unatoka mlangoni kwa jirani. Ulimi mrefu, anasema, unajikunjua wenyewe taratibu, ukashuka ngazi ya kwanza, ukashuka ya pili, ukavuka mtaro, ukaja kumlamba kisigino. Huko ndani simu ilikuwa ikijichekea peke yake. Anaapa kwamba mashine ilijiagizia vifungo, ikajikatia nguo, na haikunyamaza mpaka mwenye duka alipoimwagia ndoo nzima ya maji. Haya yote huyasimulia akiwa amevaa koti la zambarau lenye vifungo vya rangi ya dhahabu, kwa hiyo wapita njia wanamwamini. Mtu mwenye koti kama lile hana haja ya kusema uongo.

Ndoo haikuwepo. Na nguo haikujikata. Nguo ilikatwa na mtu, tena kwa furaha, na mtu mwenyewe ni msichana wa duka hilohilo anayeitwa Vifungo.

Jina hilo alipewa na mafundi. Tangu amalize shule ya msingi na kuja kukaa kwa shangazi yake, kazi yake ilikuwa kushona vifungo, kupinda pindo na kukaa kaunta. Kaunta yenyewe ni meza nyembamba iliyobanwa nyuma ya mlango, juu yake simu ya duka, daftari na kopo la pini. Mteja akituma ujumbe, Vifungo anausoma, anaandika oda kwenye kipande cha karatasi, anakitundika msumarini. Nguo ikikamilika, anakitoboa kile kipande, anakifunga uzi mwekundu, anakihamishia msumari wa pili. Ndivyo ilivyokuwa tangu duka lifunguliwe. Hakuna aliyewahi kukaa chini kumweleza mwenzake habari ya uzi mwekundu, kama ambavyo hakuna anayemweleza mtu mzima kwamba mlango husukumwa.

Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha kukatia. Humo mlikuwa na meza ndefu iliyosuguliwa na vitambaa mpaka ikateleza kama sabuni, na pembeni yake alisimama Mkataji, mtu wa maneno machache, chaki sikioni. Macho ya Vifungo yalikuwa humo. Kila alipopeleka chai alikawia. Alitazama jinsi kitambaa kinavyolazwa, jinsi mkasi unavyotembea bila kunyanyuliwa, jinsi Mkataji anavyovuta pumzi kabla ya kuingia kwenye kona ya kwapa. Miaka mitatu alikuwa anakata kwa macho tu.

"Shangazi, na mimi nitakata lini?"

"Ukiondoka kaunta atakaa nani? Mimi na miguu yangu hii?"

Jibu lilikuwa hilohilo kila mara, mpaka Shemeji alipokuja na mambo yake.

Shemeji ni mume wa dada yake Vifungo. Anafanya kazi za kompyuta kwenye ofisi moja upande wa pili wa mji, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kumwona mtu akirudia jambo kwa mkono mara mbili bila kumhurumia. Alimwona Vifungo akiandika oda, akamhurumia mpaka akakaa chini.

"Mama," akamwambia Shangazi, "nitakutengenezea karani. Ni akili bandia. Hasinzii, haugui, haombi ruhusa. Kila nusu saa anaamka, anasoma ujumbe ulio kwenye simu, anawajibu wateja, anatoa karatasi za oda kwenye printa. Vifaa vikipungua anaagiza mwenyewe. Jioni anakuandikia ripoti."

"Na akikosea?"

"Nimemwagiza ahakikishe kila mteja ameridhika."

"Mkwe wangu, hilo sio nililouliza."

"Mama, hakosei."

Shangazi alimtazama, kisha akamtazama Vifungo, ambaye alikuwa ameacha sindano nusu tunduni. "Haya. Huyo Karani wako akimaliza wiki mbili bila kunipandisha presha, huyu anatoka kaunta, anasimama mezani kwa Mkataji. Nimesema mbele ya watu."

Watu wenyewe walikuwa mafundi watatu na cherehani zao, akiwemo Kipaza, mshonaji wa suruali, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajui kunong'ona. "Tumesikia, Mama!" akasema, na mtaa mzima ukasikia.

Basi Karani akaanza kazi Jumatatu. Printa ndogo iliwekwa kaunta, ya ile karatasi nyembamba inayotoka kwa bunda la kuviringisha. Siku mbili za mwanzo Vifungo alifurahi mpaka akashona vifungo vya watu wawili kwenye shati moja, akafumua.

Jumatano ndipo alipoona. Bibi mmoja alikuwa ameagiza foronya mbili. Printa ikatoa karatasi: foronya mbili. Baada ya nusu saa, foronya mbili. Nusu saa nyingine, foronya mbili. Saa sita mchana bibi mwenyewe akaingia, ameegemea fimbo, uso unang'aa.

"Nimekuja kuwashukuru kwa miguu yangu. Tangu asubuhi mmeniuliza hali yangu mara sita! Wanangu watano niliowazaa hawajaniuliza hata mara moja."

"Karibu, bibi," akasema Vifungo. Alimpa kiti na kumsikiliza, lakini jicho lilikuwa kwenye printa.

Mchana kutwa alikaa akimchunguza Karani kama mtu anayechunguza kuku anayetaga vichakani. Jioni akawa amemwelewa. Karani hakuwa na jana. Kila alipoamka alikuwa mgeni kabisa: anaukuta ujumbe kwenye simu, anadhani umeingia sasa hivi, anausalimu, anautolea karatasi, analala. Akiamka tena, ndio kwanza anauona. Wala msumari wa pili hakuuona, wala uzi mwekundu. Kwake yeye hakuna kazi iliyowahi kuisha tangu dunia iumbwe.

Vifungo alipaswa kunyanyuka na kusema. Kisha akahesabu: siku tatu zimekwisha, bado tisa. Akiyasema leo, Shemeji atamng'oa Karani, naye atarudi kuambiwa habari ya miguu.

Akachukua simu ya duka, akafuta ujumbe wa foronya. Akangoja. Nusu saa ikafika, Karani akaamka, hakuukuta, akalala. Printa kimya.

Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote zilizofuata. Dakika moja kabla ya kila nusu saa aliacha sindano, akaenda kaunta, akafuta ujumbe wote ulioshughulikiwa. Karatasi iliyojirudia aliichana, akaitia kwenye mfuko wa mabaki ya vitambaa. Alikunywa chai yake amesimama. Alikwenda chooni kwa mbio. Karani asiyehitaji mtu akawa na mtu wa kumwangalia kuliko mtoto mchanga, na mtu huyo alichoka kuliko alivyochoka alipokuwa akiandika kwa mkono.

"Wewe mbona kila saa unatazama saa?" akauliza Kipaza. "Kuna mchumba anapita?"

"Anapita. Amekuzidi kwa sauti ya chini."

Shemeji alikuja Jumamosi, akasimama katikati ya duka na simu yake, akasoma ripoti kama anasoma tangazo la ushindi. "Kazi zote zimekamilika bila kosa. Wateja wote wameridhika."

"Kaandika nani ripoti hiyo?" akauliza Shangazi.

"Karani."

"Yule yule aliyefanya kazi? Mbona anajisahihishia mtihani mwenyewe?"

Mafundi wakacheka. Shemeji akacheka pia, lakini akasema, "Mama, siku sita nzima, hakuna lililoharibika. Unataka nini tena?" Na kwa kuwa kweli hakuna lililoharibika, Shangazi akarudi kupima kitambaa. Vifungo aliinama juu ya pindo la sketi, akapinda sehemu iliyokwisha kupindwa.

Ikaja Ijumaa ya wiki ya pili, siku ya kumi na moja. Mkataji aliomba ruhusa, alikuwa anakwenda kuchukua miwani. Shangazi naye alikuwa na miadi ya kupima sare kwenye shule moja. Akiwa tayari amevaa viatu, akageuka mlangoni, akatabasamu.

"Vifungo. Leo simama mezani."

"Leo?"

"Karani si anajitegemea? Bado kesho tu. Onja. Chukua karatasi ya oda iliyo juu, karatasi za mfano za kukatia ziko ukutani, kata taratibu. Usinikatie vidole."

Lilikuwa tendo la upendo, na Vifungo hakujua pa kuliweka. Alifikiri: nitakuwa nachungulia kila nusu saa. Asichojua ni kwamba asubuhi hiyohiyo Shemeji, huko ofisini kwake, alikuwa ameridhishwa na zile ripoti safi mpaka akaona nusu saa ni uvivu. Akabonyeza mahali. Kuanzia saa tatu, Karani akawa anaamka kila dakika.

Karatasi ya juu ilisema: makoti manane, zambarau, bitana nyeusi, ya kikundi cha tarumbeta, haraka. Vifungo aliisoma mara mbili. Makoti manane ya kikundi cha tarumbeta yalikuwa yamekwisha, yananing'inia pale pale yakisubiri wenyewe, na karatasi yake iko msumari wa pili na uzi wake mwekundu. Vifungo vyake alikuwa amevishona yeye. Lakini kiongozi wa kikundi, siku ya kujaribisha, alisema kwa mdomo wake kwamba wanatafuta wapigaji wengine. Pengine amewapata. Pengine ni wanane vilevile. Alisimama pale, karatasi mkononi, na kama karatasi ile ingekuwa ya foronya angekwenda kaunta kuuliza. Ila ilikuwa ya makoti, na mkasi ulikuwa umeshamkaa kiganjani.

Akalaza kitambaa. Akakipiga mkono mpaka kikalala kama maji kwenye beseni. Akabandika karatasi za kukatia, akazungushia chaki, akavuta pumzi kama Mkataji, akaingiza mkasi.

Hakuna aliyemwambia kwamba kitambaa kina sauti kinapokatwa vizuri. Kina sauti, ya chini, kama mtu anayekubaliana nawe jambo. Alikata migongo, akakata vifua, akakata mikono. Kwenye kona ya kwapa jasho lilimtoka, lakini mkasi haukunyanyuka. Nusu saa ya kwanza ilipita, hakuchungulia. Ya pili ikapita. Cherehani za nje zilikuwa zinanguruma, Kipaza anaimba, na nyuma ya pazia msichana anayeona kila kitu hakuona chochote isipokuwa mstari wa chaki.

Kipaza aliingia mara moja, akabeba vipande vya makoti mawili. "Umekata wewe?"

"Nimekata mimi."

"Mabega haya yamekaa kama yamezaliwa," akasema, akaenda kuyashona. Yeye huwa haulizi nguo ni ya nani.

Hapo ndipo fundi viatu alipoingia, ameshika ncha ya karatasi kama mtu aliyekamata mkia wa nyoka.

"Jirani! Duka lenu linatapika!"

Vifungo alitoka na chaki mkononi. Karatasi ilikuwa imejaza kaunta, imemwagika sakafuni, imetoka nje. Makoti manane, zambarau, haraka. Makoti manane, zambarau, haraka. Katikati yake foronya mbili za mtu mwingine, suruali ya mwingine, kisha makoti tena. Simu ya duka ilikuwa inalia bila kupumzika. Mlangoni alisimama mwendesha baiskeli wa duka la vifungo, na miguuni pake maboksi saba.

"La nane liko njiani," akasema kwa heshima. "Mmesisitiza sana."

Vifungo alifungua simu. Kiongozi wa tarumbeta alikuwa ameituma tena oda yake ya zamani asubuhi, kukumbushia tu, na Karani ameipokea kama mpya. Duka la vifungo nalo, kumbe, lilikuwa na karani wake wa aina hiyohiyo, na makarani wawili walikuwa wamekutana.

"Asante kwa oda yako," alikuwa ameandika wa kule.

"Asante kwa kutushukuru. Tunathibitisha oda yetu," akajibu wa hapa.

"Tumepokea uthibitisho wako. Karibu sana."

"Asante kwa kutukaribisha. Tunathibitisha."

"Tunashukuru kwa kuthibitisha tena."

Walikuwa wameshukuriana tangu saa tatu. Hakuna aliyekuwa tayari kuonekana hana adabu kwa kunyamaza kwanza, na kila baada ya uthibitisho kadhaa lilizaliwa boksi.

"Chomoa waya!" Kipaza akapiga kelele. Wakachomoa waya wa printa. Printa ikafa, simu ikaendelea. "Hayumo humu!" akasema Kipaza, akiinua printa na kuchungulia chini yake. "Jamani, yuko wapi huyu mtu?" Akanyakua chupa ya maji ya kupigia pasi, akaielekeza kwenye simu kama bastola. Hiyo ndiyo ndoo anayoisema fundi viatu.

"Shusha chupa hiyo," akasema Vifungo. Akabonyeza simu ya duka mpaka ikazimika, akaiweka chini ya rundo la bitana. Karani, popote alipokuwa, akawa hana pa kusoma. Duka likatulia ghafla, wakasikia maji yakitiririka mtaroni.

Shangazi alirudi saa nane, akayakuta maboksi, akakuta karatasi, akakuta vipande vya makoti manane ambayo mtu hakuyaagiza, mawili yakiwa yameshaunganishwa mabega. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Shemeji aliitwa kwa simu ya Kipaza, akafika saa kumi, tai imepinda.

"Haiwezekani," akasema. "Siku kumi nzima ilikwenda sawa."

"Soma ripoti ya leo," akasema Shangazi.

Shemeji akaitafuta. Akasita. "Kazi zote zimekamilika bila kosa. Wateja wote wameridhika. Oda mia mbili na kumi na nne."

Kipaza alicheka mpaka akashika ukuta. Shangazi hakucheka. "Mimi nauliza hivi. Kama huyu hana akili leo, hizo siku kumi akili aliazima wapi?"

Meza ya kukatia ilikuwa hatua sita nyuma ya Vifungo, na alijua kabisa maneno yanayofuata yatairudisha mbali kiasi gani.

"Kwangu, Shangazi."

"Eti?"

"Nilikuwa nafuta ujumbe. Kila kabla ya nusu saa. Karatasi zilizojirudia nilizichana. Tangu Jumatano ya kwanza." Akaelekeza kidole kwenye vipande vya zambarau. "Na makoti nilihisi. Nilihisi kabla sijaingiza mkasi. Nilitaka sana kukata."

Kitu kikaanza kumtikisa Shangazi tumboni, kikapanda mabegani. "Yaani," akasema, "nimewekewa mashine ya kumpumzisha mtoto wangu, halafu mtoto akaajiriwa na mashine?" Akacheka, akafuta macho kwa pembe ya kanga, na alipomaliza kucheka sauti ikawa nyingine. "Umenificha lakini. Siku nyingine ukiona moshi, usinifungie dirisha nisiunuse."

"Sitarudia."

"Na wewe, mkwe. Umemwamini kwa ripoti yake mwenyewe, ukamwongezea mbio. Kesho asubuhi, kigoda kile, hapo kaunta. Huyu ataongea, wewe utaandika."

Shemeji alifika Jumamosi kabla duka halijafunguliwa. Alikaa kwenye kigoda, magoti yanamgusa kidevu, kalamu mkononi.

"Haya, dada. Nieleze."

"Shemeji, kabla hujamtengeneza, ulikaa hapa siku ngapi ukitutazama?"

"Nilimwuliza Mama kazi inakwendaje."

"Ulimwuliza. Hukutazama." Akamwonyesha misumari miwili. "Hii ni kazi iliyoingia. Hii ni iliyokwisha. Tunajua kwa uzi. Nani alimwambia Karani?"

Shemeji aliutazama uzi mwekundu kama anauona kwa mara ya kwanza, na ilikuwa mara ya kwanza. "Hakuna aliyenitajia."

"Hatukujua kama ni kitu cha kutaja. Basi mpe daftari lake. Alichokwisha kukifanya akiandike, na akiamka alisome kabla ya kugusa simu. Na sisi tukifunga uzi, mtu abonyeze kwamba imekwisha. Mtu, sio yeye."

"Sawa. Na salamu?"

"Mtu akisema asante, mambo yamekwisha. Anyamaze."

"Si atakuwa hana adabu?"

"Shemeji, jana adabu imetuletea maboksi saba."

Akaandika. Vifungo aliendelea, mara anashona, mara anaeleza. Ujumbe wa kusalimu, ajibu mwenyewe. Karatasi ya oda, atoe mwenyewe, mara moja. Ila palipo na mkasi, au palipo na kuagiza kitu, asimame aulize mtu kwanza, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa kitambaa. Akijiona anarudia jambo lilelile mara tatu, aache, apige kelele, hata kama anadhani yuko sawa. Na kuwe na mahali pa kumzimia, hapa hapa dukani, pakubwa, hata Kipaza apaone.

"Nimesikia!" akasema Kipaza.

"Na hilo la kuhakikisha kila mteja ameridhika lifute," akasema Vifungo. "Nimesoma alivyokuwa akiwaahidi. Watu tisa kawaambia njoo Alhamisi. Wote wameridhika, mpaka Alhamisi ifike."

Shemeji akainua kichwa. "Umejifunzia wapi haya?"

"Nilikuwa namfutia. Ukimfutia mtu siku kumi utamjua."

Wiki iliyofuata Karani alirudi taratibu, akiamka kila nusu saa kama mwanzo, na jioni ripoti iliandikwa kwa kuhesabu nyuzi nyekundu kwenye msumari, akizihesabu Mkataji na miwani yake mipya. Siku ya kwanza Karani aliuliza kila kitu. Printa ikatoa: mteja ameandika kwamba mvua inanyesha, nifanyeje? Kipaza akataka ajibiwe achukue mwavuli. Shemeji akarekebisha. Kufikia Alhamisi aliuliza mara nne tu, na zote nne zilistahili kuulizwa. Vifungo hakufuta ujumbe hata mmoja. Alikunywa chai amekaa.

Yale maboksi ya vifungo, duka la vifungo liliyachukua sita. Karani wao naye alikuwa anashonewa daftari. Yale makoti ya ziada yalimaliziwa, maana yalikuwa yameshakatwa. Kikundi cha tarumbeta kilipokuja Ijumaa, kiongozi wao, mtu mwenye mashavu kama maboga, alijaribu koti la kwanza, halafu kwa bahati mbaya akanyoosha mkono kwenye rundo la pili. Akajaribu. Akainua mikono kama anapiga tarumbeta, akaishusha, akaiinua.

"Hili ni la mkono gani?"

"Kwa nini?" akauliza Shangazi.

"La kwanza nikiinua mikono linapanda nalo. Hili linabaki." Akatoka nje kwenye ngazi, akapuliza sauti tatu ndefu kulijaribu, na mtaa ukasimama. Alichukua matatu, kwa wapigaji watatu wapya aliowapata kweli. Mengine matano Shangazi akayagawa: moja kwa Kipaza, mawili kwa mafundi wenzake, moja kwa Mkataji, na moja akapewa fundi viatu, kwa kuwa ndiye aliyeukamata ulimi. Tangu siku hiyo kila mteja anayeingia anadhani amekosea mlango.

Jumamosi mchana Shemeji alipita kuaga. Vifungo alikuwa nyuma ya pazia akiokota mabaki ya vitambaa, akamsikia Shangazi akimwambia kwa sauti ya chini, ile inayosikika kuliko zote:

"Mkwe, huyu binti asitoke kaunta tena. Wewe umemtengeneza Karani, lakini anayemjua ni yeye."

"Kweli, Mama. Bila yeye sijui."

Vifungo alibaki na vipande vya zambarau mkononi. Alivipanga kwa ukubwa, akavipanga tena. Alingoja mpaka Shemeji akaondoka, mpaka cherehani ya mwisho ikafunikwa. Kisha akatoka, akasimama mbele ya shangazi yake, mikono ameikunja kwa heshima.

"Shangazi, nimesikia."

"Masikio yako nayo."

"Karani ameshajifunza kuuliza. Anamwuliza yeyote anayejua kusoma, sio lazima awe mimi. Wiki nzima hii Kipaza amemjibu mara mbili na hakuna kilichoungua."

"Tatu!" akasema Kipaza, akiwa na koti lake mlangoni.

"Wiki mbili za kwanza hazikuwa za kweli, najua, na nilikuficha. Sidai ile ahadi. Naomba upya." Akavuta pumzi, kama kwenye kona ya kwapa. "Jumatatu nisimame mezani. Sio kuonja. Nisimame."

Mkataji, aliyekuwa anavua miwani yake, aliishika hewani. Kipaza alifunga mdomo, jambo ambalo fundi viatu wa jirani hataliamini hata akiapiwa. Shangazi alitoa futi shingoni, akaanza kuiviringisha kwenye kidole, polepole, akiitazama kaunta, halafu pazia, halafu kaunta. Ilipoisha yote kidoleni alifungua mdomo, akaufunga, akaiachia futi ikafumuka mpaka sakafuni, na akaanza kuiviringisha tena kutoka mwanzo.